Jumuiya Isiyo na Chai

Sijawahi kwenda kusali kwa sababu moja tu. Nasema hivyo bila majivuno, kwa kuwa nimepiga magoti sehemu nyingi kwenye barabara hii ya kutoka Tegeta mpaka Msata, na kila mahali kulikuwa na kitu kingine pembeni kilichonisukuma. Nikiwa mtoto hapa Bagamoyo nilikuwa wa kwanza kufika kwenye mafundisho ya Jumapili, maana sista aliyetufundisha alikuwa na kopo la biskuti, na biskuti zilizovunjika alizigawa kwa waliowahi. Nilipokuwa kijana niliimba kwaya, sauti ya tatu, kwa sababu kila Jumatatu ya Pasaka wanakwaya walipelekwa ufukweni Mbegani kula pilau, na wasioimba walibaki nyumbani wakisimuliwa. Baadaye nikawa kibarua Makurunge, nikasali na Wasabato Jumamosi na Wakatoliki Jumapili. Msimamizi wetu alikuwa mcha Mungu aliyeheshimu siku ya ibada ya kila mtu, nami nikawa napumzika siku mbili kila juma, mpaka siku aliponiita akaniuliza kwa upole kama dini yangu ina siku ngapi.

Kazi niliyoishia nayo ni kupaka rangi nyumba. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyetulia, kwa kuwa nyumba ikishang'aa haikuhitaji tena. Nimepaka Bunju, nimepaka Mapinga, nimepaka Kerege, na kila nilikolala nilikumbuka kulikotangulia kama vile ndiko kwetu. Mwaka jana nikajikuta nimerudi mji niliozaliwa, ambako hakuna tena anayenijua, nikapanga chumba cha uani kwa mama mmoja mjane nyuma ya soko.

Mama mwenye nyumba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Alikuja huku zamani akimfuata mumewe, seremala, na seremala huyo ndiye aliyejenga nyumba ile, akasawazisha ua, akazungusha uzio wa makuti, kisha akafariki. Ng'ambo ya uzio aliishi mama wa Kikwere, Mwislamu, aliyekaanga vitumbua kila alfajiri mbele ya nyumba yake na kuviuza kwa wapita njia. Wakwere na Wanyamwezi ni watani, na hao wawili walikuwa wameutumia utani wao vizuri kwa miaka mingi.

"Mtani," jirani huita kupitia makuti, "babu zenu walikuja Bagamoyo na mizigo kichwani. Nyie mmeitua lini?"

"Tuitue wapi?" mama hujibu. "Tulifika tukawakuta mmelala njiani."

Nami chumbani kwangu nilikuwa najua kwamba asubuhi imeanza.

Wiki ya kwanza tu mama aliniuliza ninasali wapi. Nikasema Mkatoliki. Akasema, basi Jumamosi tunakwenda jumuiya. Kama nataka, sikuulizwa.

Kwa wasiojua, jumuiya ni majirani Wakatoliki wa mtaa mmoja wanaokutana kila Jumamosi alfajiri kwenye nyumba ya mmoja wao, leo hapa, Jumamosi ijayo pale, mpaka nyumba zote zimalizike ndipo zamu ianze upya. Wanaimba, wanasoma Injili, kila mmoja anasema neno lililomgusa, wanaomba, wanasikiliza matangazo, wanatawanyika kwenda makazini. Ni jambo zuri. Ni jambo pia ambalo hulikwepi kirahisi, kwa sababu ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzikwa, padri atauliza kwanza: huyu jumuiya wanamfahamu?

Kwenye jumuiya yetu mzee mmoja, mlinzi mstaafu wa Mbegani, hakuficha. Siku ya kwanza alinipisha kwenye mkeka, akaninong'oneza:

"Kijana, wewe unatafuta nini? Ndoa?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kusali."

"Mh. Mimi nimekuja ili nizikwe. Nikikosa wiki tatu hawa watanizika kwa mkono mmoja."

Mimi nilijua nilichokuja kutafuta tangu ilipofika saa moja. Kilikuwa chapati.

Kanuni ilisema mwenye nyumba atoe maji ya kunywa, basi. Nani aliyeivunja kwanza haijulikani. Inasemekana siku moja kulikuwa na baridi ya mvua, mama mmoja akaona vibaya, akatoa chai ya rangi. Aliyefuata akaona aibu kutoa chai tupu, akaongeza maandazi. Aliyefuata tena akasema yeye si wa maandazi, akapika chapati. Nilipofika mimi, mashindano yalikuwa yamekomaa, na Jumamosi yangu ya tatu tulikuta supu ya kongoro na ndimu zimekatwa. Siku ile tulisali kwa umoja ambao sijauona kokote. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyerefusha tafakari, na wimbo wa kumalizia tuliimba ubeti mmoja.

Basi watu wakaanza kuchagua. Zamu ikiangukia nyumba ya chapati, ua hautoshi, wengine wanasimama mlangoni. Ikiangukia kwa mtu asiye na kitu, wanakuja wachache wanaokaa nyuma, karibu na njia. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliliona hilo, likamuuma. Alikuwa mtu mnyoofu, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni hata alipokwenda sokoni. Akavumilia mpaka Jumamosi ambayo Injili ilikuwa ile ya watu waliovuka ziwa kumtafuta Yesu, na Yesu akawaambia wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba.

Mwenyekiti alifunga Biblia huku kidole kimebaki ndani.

"Ndugu zangu," akasema, "leo si sisi tulioisoma Injili. Injili ndiyo iliyotusoma sisi."

Tukatazama chini. Jikoni kwa mwenye nyumba yule, sufuria ilikuwa inachemka kwa sauti.

"Kuanzia Jumamosi ijayo chai marufuku. Si chai, si uji, si andazi. Tutamjua anayemfuata Yesu na anayefuata birika."

Mzee wa Mbegani akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, samahani. Hao watu, ile mikate waliipata wapi?"

"Aliwapa Yesu."

"Basi alianza yeye."

Watu wakacheka kwenye viganja. Mwenyekiti akasubiri. "Mzee, shikamoo," akasema, kwa namna ya kufunga mazungumzo.

"Marahaba. Lakini alianza yeye."

Marufuku ikasimama. Jumamosi iliyofuata tukatosha kwenye mkeka mmoja. Kwenye kundi letu la simu, mama mmoja aliandika kwamba ameamka na kizunguzungu. Wa pili akaandika kwamba hata yeye. Wa tatu hakuandika kitu, aliweka tu picha ya mikono iliyofumbatana, ambayo haijulikani kama ilikuwa inamwombea mwenye kizunguzungu au inaomba radhi. Mwenyekiti hakuvunjika moyo. Alisema Yesu naye alianza na kumi na wawili. Mzee akasema ndiyo, na mmoja wao alikuwa Yuda, akamtazama kila mtu mkekani kana kwamba anatafuta ni nani.

Yeye mzee aliendelea kuja kwa sababu ya kaburi lake. Mimi niliendelea kwa sababu mama mwenye nyumba alinigongea mlango, na mlango ulikuwa wake.

Ndipo zamu ya mama ikakaribia.

Nilikuwa nimepata kazi Msata, nyumba ya wageni ya kupaka ndani na nje, na aliyenipa kazi alitaka nianze Ijumaa. Alhamisi jioni mama alikuwa ameketi uani na ungo wa choroko mapajani, anachambua. Aliniuliza bila kuinua macho.

"Jumamosi utakuwepo, fundi?"

"Nilikuwa naondoka kesho, mama. Kuna kazi."

"Kazi itakimbia?"

"Kazi haikimbii. Mwenye kazi ndiye anayekimbia."

Akachambua kidogo. Alitoa kijiwe, akakitupa upande wa uzio.

"Zamu iliyopita walikuja watatu," akasema. "Mwenyekiti, msomaji, na yule mzee. Ilikuwa masika. Nikafika kwenye maombi, nikamwombea marehemu wangu. Kwenye ua huu, alioupiga jembe yeye mwenyewe. Nikamaliza, wakaitikia. Mwanangu, unaijua sauti ya watu watatu waliojibanza chini ya bati lenye mvua? Ni kama mtu anakohoa chumba cha pili."

"Ndiyo, mama."

"Mwenyekiti akaniambia, mama usihuzunike, Mungu anasikia hata sauti ya mmoja. Nikamwambia, Mungu anasikia, najua. Mimi ndiye sikusikia."

Alikuwa anataka kitu kidogo kabisa: ua wake ujae watu mara moja, amtaje mumewe, wamwitikie mpaka asikie. Nyumba za jumuiya yetu ni nyingi, na zamu ikishapita huchukua muda mrefu kurudi. Magoti yake yalikuwa yameanza kugoma. Zamu hii isipojaa, nyingine hakuwa na uhakika nayo, na sasa ilikuwa imeangukia kwenye marufuku.

"Pika chai, mama," nikasema. "Pika kimyakimya. Mimi nitawaambia watu."

"Nimekatazwa."

"Mwenyekiti atafanya nini?"

"Hatafanya kitu. Lakini niwaite watu kwa Mungu huku nimemficha mtu birika? Hapana. Waje au wasije, nitatoa maji."

Makuti yakatikisika. Jirani alikuwa upande wa pili anaanua nguo, na inaelekea alikuwa anaanua nguo moja kwa muda mrefu sana.

"Mtani," akasema.

"Nini?"

"Huyo mwenyekiti wenu ndiye yule mwalimu mwembamba?"

"Ndiye."

"Anayechukia watu kufuata chakula?"

"Ndiye."

"Mwezi wa Ramadhani hupita hapa kila magharibi kunijulia hali. Miezi mingine yote, sijui kwa nini, haoni kwamba naweza kuugua."

Mama alicheka mpaka choroko zikamwagika. Jirani akangoja amalize.

"Hapa mbele kuna vumbi siku hizi," akaendelea. "Naona Jumamosi jiko langu nitalihamishia uani. Hapa hapa, karibu na uzio."

Mama akaacha kucheka. "Usiniletee mambo. Sitaki kitumbua hata kimoja kwenye ua wangu."

"Nani kasema nitakupa? Mimi nakaanga kwangu. Nyie mmekatazwa, mimi sijakatazwa."

"Mtani!"

"Lala salama, Mnyamwezi."

Nikampigia mtu wa Msata simu, nikamwambia nitafika Jumapili. Alisema maneno ambayo sitayaandika kwenye habari za ibada.

Ijumaa mama alinituma. Nilikwenda kuazima mabenchi kwa fundi aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mumewe, nikayabeba kwa mkokoteni, nikaazima na mikeka mpaka kwa watu ambao sikujua majina yao. Nikapanga, akapangua. Alitaka pawe na njia katikati. Jumamosi kabla hakujapambazuka sawasawa, ua ulikuwa umefagiwa kwa mistari, mtungi umejazwa maji, na palikuwa na nafasi ya harusi.

Mwenyekiti aliingia wa kwanza. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu, mwalimu."

Akasimama akiangalia. "Mama, mabenchi yote haya ya nani?"

"Ya watu."

Akanitazama mimi. Nilijishughulisha na mkeka uliokuwa umenyooka.

Tulianza tukiwa wale wale wachache wa mkeka mmoja, tumetawanyika kwenye mabenchi yale kama meno ya mzee. Mama alikaa mbele na kitenge kipya. Alikuwa hatazami nyuma, na niliona shingo yake inavyojizuia. Tukaimba. Wimbo ulitoka mwembamba, ukaishia kwenye uzio.

Kisha mafuta yakachemka.

Siwezi kumweleza mtu asiye wa pwani harufu ya kitumbua cha kwanza. Unga wa mchele uliolala na tui la nazi, iliki, kisha ule ukingo unaokauka na kuwa kahawia kwenye chuma cha kukaangia. Ilikuja kupitia makuti wakati msomaji anatangaza Injili ya mpanzi. Mbegu ya kwanza ilikuwa haijaanguka njiani, msomaji akameza mate. Mzee wa Mbegani alifumba macho, akavuta pumzi kama anayevuta dawa ya mafua.

Nje ni njia ya kwenda sokoni, na Jumamosi asubuhi haikosi watu. Niliona kikapu kikisimama kwenye mwanya wa mlango. Juu ya kikapu kulikuwa na yule mama wa kizunguzungu. Alitazama mabenchi mengi, akatazama kitenge kipya, akainua pua kidogo, nikaona kabisa jambo likipangika kichwani mwake: mabenchi, kitenge, harufu, marufuku imekwisha.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema, akaingia, akakaa. Kisha akaingiza mkono chini ya kanga, na mfukoni mwangu simu ikatetema. Ya mzee pia ikatetema. Sikuitoa, ila nilielewa.

Wakaanza kuja. Mmoja alikuja nusu ya kichwa amesukwa na nusu nywele zimesimama. Mwingine alikuwa na dawa ya meno pembeni mwa mdomo. Akaja binti mmoja aliyetaka kutangazwa ndoa, na mchumba wake, na mama mkwe mtarajiwa. Wakaja watu ambao tangu kongoro sikuwahi kuwaona. Mabenchi yakajaa, mikeka ikajaa, wengine wakakaa kwenye kizingiti cha chumba changu. Kila aliyeingia alisema tumsifu Yesu Kristo kwa adabu, kisha akatazama upande wa jiko la mama, ambalo lilikuwa baridi na juu yake pana sufuria kubwa iliyofunikwa, jambo lililowapa matumaini zaidi.

Mwenyekiti alipogeuka kutoka kwenye Biblia akaona umati, macho yalimlowa. Hapo nilimpenda yule mtu. Alikuwa na mafua ya kudumu tangu enzi za vumbi la chaki na hakunusa kitu.

"Nilijua," akasema. "Niliwaambia. Ukiondoa birika, Neno lenyewe linavuta."

"Linavuta na nazi," mzee akaniambia kwa sauti ya chini.

Tukaingia kwenye tafakari, kila mmoja neno lililomgusa. Kwa kawaida hapo watu huona haya, hutazamana, dakika zinapita. Siku ile walifuatana kama wanaorukia gari. Mama wa kizunguzungu alisema ameguswa na udongo mzuri. Aliyemfuata akasema naye udongo. Wa tatu akasema kama waliotangulia. Sijawahi kuona udongo mzuri ukigusa watu wengi hivyo kwa muda mfupi.

Yakafika maombi. Desturi yetu ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayefungua, kisha wengine. Mama alisimama, akashika benchi la mbele. Magoti yalimpa tabu. Upande wa pili wa uzio mafuta yalinyamaza kidogo, nikajua jirani ameinua chuma.

"Kwa ajili ya marehemu mume wangu," akasema, kwa sauti ya kawaida, "aliyejenga nyumba hii na kuupiga jembe ua huu. Ee Bwana, mpe pumziko. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie!"

Makuti yalitikisika. Sijui tulikuwa wangapi, ila jogoo wa jirani aliruka kutoka mahali alipokuwa. Watu walikuwa na njaa, walikuwa na haraka, na sauti zao zilitoka tumboni hasa. Mama hakusogea. Alisimama mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyebisha hodi kwa ukucha na mlango ukafunguka wote.

Tukadhani amemaliza. Mwenyekiti akafungua mdomo ampe nafasi mwingine.

"Na kwa ajili ya mama yake," mama akasema, "aliyenipokea Tabora nikiwa sijui hata kusonga ugali. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie!"

"Na dada zake wote."

"Twakuomba utusikie!"

Hapo nikaelewa kinachoendelea. Alikuwa ameonja. Aliomba kwa ajili ya bati la nyumba, lililoanza kuvuja. Aliomba kwa ajili ya fundi aliyetuazima mabenchi. Watu kila safari walidhani hilo ndilo la mwisho, basi waliitikia kwa nguvu zaidi ili kulifunga, na kadiri walivyoitikia kwa nguvu ndivyo alivyopata hamu ya lingine. Mwenyekiti alikohoa. Mama akamwombea kikohozi.

"Na kwa ajili ya mpangaji wangu huyu," akasema, na vichwa vyote vikanigeukia, "mwenye miguu isiyotulia. Ee Bwana, mtulize. Na ukiona haiwezekani, basi mpe viatu."

"Twakuomba utusikie!"

Nami niliitikia. Nilikuwa najiombea viatu, mbele ya watu, kwa sauti ya tatu ya kwaya, na sikumbuki kwamba wakati huo nilikuwa nanusa chochote.

"Baba yetu," mwenyekiti alianza.

"Na pia," mama akasema, "kwa ajili ya mbuzi wa jirani yangu, ambaye tangu juzi hali majani. Ni mbuzi mpole na ana mimba. Ee Bwana..."

Watu walikuwa wameishiwa subira, lakini mbuzi mwenye mimba humgusa kila mtu. Lile ndilo lililoitikiwa kuliko yote. Kisha mama akakaa mwenyewe, polepole, akafuta uso kwa ncha ya kitenge, na Baba Yetu tukaisali.

Matangazo yakatolewa. Mwenyekiti akatuaga tuende kwa amani. Hakuna aliyekwenda. Siku za kawaida mtu akisikia amani huwa ana kandambili moja mguuni tayari. Siku ile ua mzima ulikaa kimya, umetulia, unatazama sufuria iliyofunikwa.

Mama akasimama tena. "Nawashukuru sana kwa kuja. Maji yapo mtungini, karibuni."

Tukasikia mafuta yakilia ng'ambo.

"Mama," akasema yule wa kizunguzungu, taratibu, "na hiyo harufu?"

"Ya jirani."

Jibu hilo lilichukua muda kuenea kutoka benchi la mbele mpaka kizingitini kwangu. Mzee wa Mbegani ndiye aliyeanza, mabega kwanza, kisha kifua, kisha akacheka wazi mpaka akashikwa asianguke. Wakafuata wengine. Yule wa nusu kichwa alicheka huku ameshika upande ambao haujasukwa. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kuelewa. Nilimwona akiutazama uzio, akiwatazama watu, akirudi kwenye uzio, na furaha yake yote ya asubuhi ikishuka usoni kama rangi iliyotiwa maji mengi. Niliogopa atasema kitu ambacho mama angekibeba. Lakini alikwenda mtungini, akachota, akanywa kikombe kizima, akasema, "Maji ya mama ni baridi. Njooni." Tukajipanga tukanywa maji, umati mzima, mmoja baada ya mwingine.

Alipomaliza kuwaaga watu alisogea kwenye uzio.

"Shemeji," akasema, "habari za asubuhi? Vimebaki?"

"Vyote ni vya watu, mwalimu," sauti ikajibu. "Karibu Ramadhani."

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi nikiwa juu ya ngazi, mahali ambapo mikono ya mpaka rangi inafanya kazi na kichwa kina likizo. Mwenyekiti alitaka tuje kwa sababu safi. Sidhani kama alikosea. Lakini tungengoja tuwe na sababu safi, mama yule angeombewa na watu watatu mpaka mwisho wake. Tulikuja kwa pua. Mahali fulani kati ya dada za marehemu na bati linalovuja, pua zilisahaulika, angalau yangu. Zikakumbukwa tena wakati wa amani, siwezi kukataa.

Mabenchi niliyarudisha mchana. Niliporudi na mkokoteni mtupu, jua lilikuwa limekaza na mama alikuwa bado ameketi uani kwenye kigoda, na kitenge chake kipya. Jirani alikuja kwenye mwanya wa uzio akiwa na sahani iliyofunikwa kawa.

"Ibada imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha tangu asubuhi. Kwani hukusikia?"

"Mji mzima umesikia. Nilidhani mnagombana."

"Walikuwa wananiitikia," mama akasema.

"Najua. Nilikuwa nimesimama hapa, mwiko mkononi. Vile vya mwisho viliungua." Akapitisha sahani, mama akaipokea. Vilikuwa vimeungua kweli, ukingo mmoja mweusi.

"Ungeingia, mtani."

"Niingie wapi, mimi si wa huko." Akavunja ujiti mmoja wa kuti, akauchezea. "Ila nilisema amin. Moja tu. Ile ya mbuzi."